Siku Gari la Mwalimu Lilipoteremka Peke Yake

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya mchana kweupe, siku ya Ijumaa, nikiwa nimeshiba na sina haraka yoyote. Hilo lilinisumbua baadaye kuliko mengine. Kama ningekuwa nimechoka, au mgonjwa, au mvua ingekuwa inanyesha, ningekuwa na la kujitetea.

Garaji yetu iko Masisi, kwenye mteremko, juu kidogo ya njia iendayo sokoni. Ni ya baba yangu. Sisi ni watu wa maharage na mihogo. Mama bado analima kilima kile kile alicholima bibi, na mimi mwenyewe nilishika jembe kabla ya kushika nyundo. Baba ndiye aliyetoka shambani akaenda kujifunza kunyoosha mabati ya magari, akarudi na vyombo vyake ndani ya gunia. Kaka zangu hawakuipenda kazi ile, akanifundisha mimi, binti yake. Kufikia mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nyonga ya baba ilikuwa imeshamkataza kuinama, kwa hiyo kazi zote za chini ya gari zilikuwa zangu. Yeye alibaki kwenye mabati na rangi.

Ijumaa ile baba alikuwa amekwenda Kingi kuzika. Garajini kulikuwa na gari moja tu, la mwalimu wa shule ya msingi, gari dogo la rangi ya majivu yenye kumetameta kidogo. Alikuwa amelileta Alhamisi. Alikuwa ametoka nalo upande wa Walikale, kumpeleka mke wake kwa dada yake aliyejifungua, na njia ile ilikuwa imekula freni, yaani breki zake, hadi chuma kikasaga chuma. Aliomba tumalize kabla ya Jumamosi saa sita, kwa sababu Jumapili alitakiwa kuwa Nyamitaba. Hiyo Jumapili aliitaja mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ameshika mkono wangu. Nilidhani ni mambo ya sherehe.

Nilimaliza freni, nikarudisha magurudumu, nikashusha kriki iliyokuwa imeliinua. Gari lilikuwa limeelekea chini. Kila siku naweka jiwe mbele ya gurudumu kabla ya jambo lingine lolote. Siku ile niliinuka kwenda kuchukua ufunguo wa kukazia nati, nikijiambia nitaliweka nikirudi. Freni ya mkono nilikuwa nimeiachia mwenyewe, ili nione kama magurudumu yanazunguka vizuri.

Nilikuwa nimeinama kwenye sanduku la vyombo niliposikia kokoto zikisagika. Nilipogeuka, gari lilikuwa limeshatoka getini. Lilikwenda polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilikimbia, nikaushika mlango kwenye fremu ya dirisha, nikakanyaga ardhi kwa visigino, likanivuta tu. Mbele, kando ya njia upande wetu, seremala jirani yetu huwa anapanga mbao za mikaratusi ili zikauke. Gari lilipinda kidogo kwenye mfereji wa maji ya mvua, likazilalia zile mbao kwa ubavu wake wa kulia. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu ameangusha sufuria tupu.

Mlango wa nyuma ulikuwa umebonyea chini ya kitasa, shimo la ukubwa wa bakuli la bugali. Kutoka hapo mkunjo mrefu ulikuwa umekwenda hadi juu ya gurudumu la nyuma, na mwisho wake rangi ilikuwa imebanduka ukaonekana weupe wa chuma. Watu walikusanyika. Alikuja seremala, wakaja wanafunzi waliokuwa wanatoka shule, na yule mama anayeuza mandazi pale njiani, karai lake likiwa kichwani. Wote walitazama mlango, na mimi niliutazama mlango. Walinisaidia kulisukuma gari mpaka ndani.

Seremala alinishauri kwa sauti ya chini. Alisema nifunge geti, nipige nyundo haraka, na mwalimu hatajua kitu, maana walimu hawatazami magari, wanatazama daftari. Geti nililifunga.

Bati likishabonyea linakuwa na ukaidi wake. Ukilipiga kwa nguvu linanyooka hapa na kuvimba pale, na ukiufuata ule uvimbe unazidi kulitanua mpaka linakuwa kama ngozi ya ngoma isiyokazwa, ukiligusa linaingia, ukiliacha linatoka. Niliondoa kitambaa cha ndani ya mlango, nikashika kile kipande cha chuma kizito tunachokiweka upande mmoja wa bati wakati nyundo inagonga upande wa pili, nikaanza kwenye kingo za shimo, kama baba alivyonifundisha, kuzunguka na kuingia katikati. Kila nyayo zilipopita nje nilisimamisha nyundo. Nilikuwa nawaza maneno ya kumwambia baba, na kila niliyoyapata yalikuwa yanaanza na "freni ya mkono", kana kwamba freni ile ilijiachia.

Baba alirudi jua likiwa linazama, viatu vyake vimejaa udongo wa Kingi. Aliona geti limefungwa, akajua. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mbele ya mlango ule, kama mtu anayeficha kitu kwa mgongo wake. Alinisogeza pembeni, akapitisha kiganja juu ya bati mara mbili, mbele na nyuma. Akaniuliza jiwe lilikuwa wapi. Nikamwonyesha. Akasema kwamba nyundo yangu haikuwa mbaya, mkunjo ataumalizia yeye, na masitiki, ule uji mzito wa kujazia bati, itaziba kilichobaki.

Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea kutoka kwake.

"Usimuambie."

Nilimtazama. Baba yangu ndiye mtu aliyewahi kumfuata mteja kwa mguu hadi Shasha, kando ya ziwa, safari ya siku nzima, kumrudishia kioo cha taa kilichosahaulika garajini.

"Ukimuambia, bantu batasema ni juu ya mwanamuke," alisema. "Batasema nilimupatia mutoto mwanamuke kazi ya freni. Hawatasema jiwe. Mimi sitaki bakusemeye vile."

Alikuwa ananihurumia, na huruma yenyewe ndiyo iliyoniuma. Nilikubali kwa kichwa. Ukweli ni kwamba nilifurahi pia kuambiwa nisiseme, na furaha hiyo ikanifanya nijione mdogo.

Rangi ile hatukuwa nayo. Baba alimpigia simu mtu anayeuza rangi mjini Sake, akamweleza, na Jumamosi asubuhi motari mmoja, mwendesha pikipiki, akaleta kopo dogo likiwa limefungwa ndani ya koti lake. Kabla hajafika tulikuwa tumeshapaka masitiki, tukasubiri ikauke karibu na makaa kwa sababu ukungu ulikuwa umekaa chini mpaka saa tatu, tukasugua kwa msasa. Baba alipuliza rangi mwenyewe, ameketi juu ya kigoda, akitembeza mkono bila kusimama. Ilipokauka kidogo tulirudi nyuma kutazama. Kivulini ilikuwa rangi ile ile. Kisha mawingu yakafunguka, jua likapiga, na nikaona mlango una ubuluu kidogo ambao gari zima halikuwa nao. Baba naye aliona. Alisema tulioshe gari lote, kila mahali paonekane papya. Tuliliosha, hata magurudumu, hata chini ya vizuio vya tope. Saa ile ilikuwa karibu saa tano na nusu.

Mwalimu alifika kabla ya saa sita. Ni mtu mwembamba, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alilizunguka gari. Upande wa kulia alipita mara mbili. Aliingia, akakanyaga freni, akatoka, akashukuru. Halafu akauliza kama ni sisi tulioliosha, na baba akasema ndiyo. Mwalimu alisema katika maisha yake hakuna garaji iliyomfanyia hivyo. Alisema hilo akiwa ameweka mkono kifuani, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyepewa zawadi na hana cha kurudisha.

Nafikiri kama angegombana nasi kidogo, ningenyamaza. Lakini alikuwa anatushukuru kwa maji tuliyomwagia uongo wetu. Alipokwisha kufungua mlango wa dereva nilimwambia.

"Mwalimu, ngoja kwanza. Jana gari iliteremuka yenyewe, ikagonga mbao za seremala. Ni mimi niliiacha bila jiwe. Ule mulango wa nyuma tuliunyoosha na tukaupaka rangi."

Baba alikuwa na kitambaa mkononi. Aliinamisha macho, akaanza kujifuta vidole kimoja kimoja.

Mwalimu alikwenda upande wa kulia, safari hii akaona. Niliona uso wake ukibadilika. Nilikuwa tayari kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwayo tangu Ijumaa, ningejua pa kuiweka. Lakini hakukasirika. Alivua miwani, akakaa juu ya tairi la zamani lililokuwa karibu na ukuta, na nikaona anaogopa kuliko mimi.

"Dada, ile gari haiko yangu," alisema. "Iko ya baba mukwe."

Akatueleza. Baba mkwe wake ni mfugaji wa Nyamitaba, mzee asiyependa kurudia neno. Mwalimu alikuwa amemwomba gari kumpeleka mke Walikale, na mzee alikaa wiki tatu bila kujibu. Alikuwa na msemo kuhusu mkwe wake, kwamba ni mtu anayesoma njiani na kujikwaa mlangoni. Mwishowe alilitoa kwa ajili ya binti yake, akasema Jumapili hii lirudi kama lilivyotoka. Sasa mwalimu akirudi na mlango wenye rangi nyingine na kusema ni fundi, mzee hataamini. Atasema mkwe amegonga mwenyewe na anamsingizia fundi.

Baba alisema atakwenda yeye, kwa kuwa garaji ni yake. Mwalimu alikataa kwa heshima. Alisema lazima aende yule aliyefanya. Baba aliingia ndani ya kibanda cha vyombo, na hakutoka mpaka gari lilipokuwa limeshaondoka.

Jumapili baada ya ibada mwalimu alinipitia. Nilivaa kitenge changu kizuri, kisha nikaona nimejivika kama mtu anayekwenda harusini, nikataka kurudi kubadilisha, lakini alikuwa ameshapiga honi. Tulikwenda kwa zaidi ya saa mbili, vilima na mabonde, malisho yenye ng'ombe pande zote, tope la jana bado laini. Kila mara alipokanyaga freni kwenye mteremko nilikanyaga nami, upande wangu, mahali pasipo na kitu.

Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani vijana wenye bunduki walitusimamisha, kama kawaida. Mmoja wa wale vijana alitaka kujua tunatoka wapi, tunakwenda wapi, na mimi ni nani kwa mwalimu. Alipokuwa anasikiliza aliuegemea mlango wa nyuma kwa mkono wake wote, akauacha pale. Mimi nilikuwa najua rangi ile, kwa haraka yetu na kwa ule ukungu, haijakomaa. Nilitazama ule mkono kwa kioo cha pembeni. Sikuthubutu kumwambia mtu mwenye bunduki aondoe mkono kwenye gari. Mwalimu alijibu kila kitu polepole, mara mbili mbili. Tulipoachiwa na kwenda mbele kidogo, alisimama, tukashuka. Vidole vinne na nusu ya kiganja vilikuwa vimechapwa juu ya mlango, vizuri kabisa, kama muhuri wa ofisi.

Mwalimu aliviangalia. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, na mimi nikacheka, na tulipomaliza hofu ilikuwa pale pale.

Mzee alikuwa nje ya nyumba yake ya mbao, ameketi kwenye kiti kifupi, fimbo ya kuchungia imelala magotini. Mwalimu alimsalimia kwa mikono miwili. Mzee aliitikia, akainuka, akaanza kulizunguka gari kabla hatujaombwa kukaa. Alipofika upande wa kulia alisimama. Nilisogea na kusema kila kitu kwa mara ya tatu, na mara hii nilianza na jiwe. Alinisikiliza akitazama alama za vidole. Nikamweleza na zile pia.

Hakuuliza rangi. Hakuuliza nani atatengeneza.

"Kuko muntu aliumia?" aliuliza.

Nilisema hapana.

"Pale kwa mbao, nani anakalaka?"

Nilifungua mdomo kujibu kwamba hakuna mtu, na hapo hapo nikamwona akilini yule mama wa mandazi. Anakaa pale kila siku, mgongo wake umeegemea zile mbao, miguu ameinyoosha, mtoto wake mdogo pembeni. Ijumaa ile alikuwa ameinuka na mtoto wake na karai, kwenda kuomba makaa kwa jirani. Ndiyo maana alikuja kutazama akiwa na karai kichwani. Nilimwona kwa macho yangu, amesimama kati ya watu, na sikufikiri chochote. Tangu saa ile hadi Jumapili nilikuwa nimeogopa mlango, nimeogopa baba, mwalimu, rangi, jua, na huyo mzee mwenyewe. Yule mama na mtoto wake hawakunipitia akilini hata mara moja.

Nilimjibu mzee. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Iko mama moja anakalaka pale na mutoto. Siku ile alikuwa amesimama." Nikakaa chini kwenye majani na kitenge changu kizuri.

Mzee hakunihubiria. Aliagiza niletewe maziwa ya kuganda, akasubiri ninywe. Kisha akaniambia niketi kwenye usukani, yeye akaketi kando yangu, fimbo kati ya magoti. Aliniambia niteremke kilima mpaka kwenye mti wa kwanza na nisimamishe. Nikasimamisha. Akasema niteremke tena, kwa kasi zaidi. Nikasimamisha. Mara ya tatu tulikuwa karibu na ng'ombe wake, na gari lilisimama bila kuyumba, mahali pale pale alipopaonyesha kwa fimbo.

"Freni iko muzuri," alisema. "Mulango ni mulango."

Tuliporudi juu alimuuliza mkwe wake kama alijua tangu jana. Mwalimu alisema ndiyo, alijua. Mzee aliuliza kwa nini basi alinileta, wakati angeweza kusubiri yeye aone mwenyewe. Mwalimu alisema aliogopa. Mzee akamwambia waingie ndani kula, chakula kinapoa. Sijui kama huo ulikuwa msamaha. Mwalimu alikula vizuri, nililiona hilo. Mlango, mzee alisema, tutaupaka tena kiangazi, wakati rangi inakauka kama inavyotakiwa. Hakutaka mtu mwingine auguse.

Nilirudi kwa pikipiki, nikalowa. Baba alinisubiri na bugali na sombe ya majani ya mihogo, vimefunikwa kwa sahani. Aliuliza mzee alisema nini, nikamwambia, pamoja na swali lile. Aliweka kijiko chini. Nilijua naye hakuwa amemfikiria yule mama.

Jumatatu mapema niliteremka kwa yule mama. Hakuwa kwenye mbao. Alikuwa amehamia ng'ambo ya njia, chini ya ukuta wa duka, mahali pasipo na kivuli na ambapo moshi wa jiko lake ulimrudia usoni. Alikuwa amehama tangu Ijumaa ile ile, na hakumwambia mtu sababu. Nilimwomba radhi nikiwa nimechuchumaa mbele ya karai lake. Aligeuza mandazi mawili, matatu, kisha akasema mtoto ndiye anayemwamsha usiku, analia akisikia gari. Aliniambia nisirudi kuomba radhi tena, imetosha, ila getini tuweke kitu. Baba na seremala walichimba mtaro getini wiki ile na kulaza gogo ndani yake, gari lisiweze kutoka bila mtu kuliondoa gogo. Mama yule hakurudi upande wetu. Yuko ng'ambo mpaka leo.

Na watu walisema, kama baba alivyotabiri. Walisema garaji ya mwanamke, magari yanatembea yenyewe. Wateja wawili wa siku nyingi walihamia kwingine. Kwa majuma kadhaa baba aliniweka kwenye kazi ya msasa tu, na sikubisha. Mwalimu aliendelea kuja, wakati mwingine kusalimia tu. Kiangazi kilipofika mzee alileta gari mwenyewe, tukapaka mlango upya, akasimama juu yangu muda wote.

Siku moja, miezi mingi baadaye, motari nisiyemfahamu alisimama getini na pikipiki iliyopinda. Alikuwa na wenzake wawili, na alitaka kuwachekesha.

"Ni hapa njo magari inakimbiaka yenyewe?" aliuliza.

Nilikuwa chini ya gari, sikutoka. Nilisikia kigoda cha baba kikisogea.

"Ni hapa," baba alisema. "Iko wapi pamepinda?"